Tembo Chini ya Shingo ya Malkia

Ellis Swarbrick alinawa mikono mpaka viwikoni, kama alivyokuwa akinawa zamani kabla ya kung'oa jino, akaikausha kwa taulo safi, akaketi kwenye meza ya kulia chakula na kuwasha taa. Nje mvua ya Lancaster ilikuwa ikinyesha taratibu, kama kawaida yake. Mbele yake palikuwa na droo ya mahogani iliyotandikwa mahameli ya kijani yenye vishimo vya duara, na katika kila kishimo ililala sarafu ya dhahabu ya Malkia Anne. Kishimo kimoja tu kilikuwa kitupu. Kilikuwa kitupu tangu binti yake, Bronwen, alipokuwa shule ya msingi, na sasa Bronwen alikuwa na mvi.

Sarafu hizo ziliitwa gini, kwa jina la pwani ya Guinea ilikotoka dhahabu ya kwanza kabisa kufuliwa kwa jina hilo. Iliyokosekana ilikuwa ya mwaka 1708, ile yenye tembo. Chini ya shingo ya malkia, pale mchongaji alipoikatia, alisimama tembo asiyezidi punje ya dengu, amebeba ngome mgongoni. Alama hiyo ilimaanisha kwamba dhahabu ililetwa na kampuni iliyokuwa na ngome zake katika pwani hiyo, ikipitisha dhahabu mlango mmoja na watu mlango mwingine. Ellis alilijua hilo. Wakusanyaji wote wa mjini walilijua, na walilitaja kila mara walipotaka kueleza kwa nini gini yenye tembo ni ghali kuliko isiyo na tembo.

Sasa alikuwa ameipata. Aliibana kwa kingo zake, maana usoni haiguswi, akaiweka mahali pake. Iliingia bila kelele. Akaitazama kwa muda, akafungua mdomo amwite Dilys aje aone, halafu akakumbuka. Mkewe alikuwa amefariki mwezi wa Machi, na bado kila siku alikuwa akimwita hivyo, mara kwa ajili ya hili, mara kwa ajili ya lile.

Saa kumi jioni, birika lilipoanza kuchemka, tembo alipiga masikio yake, akashuka kutoka kwenye sarafu na kuanza kutembea juu ya mahameli. Ngome ilikuwa ikiyumba mgongoni kila alipokanyaga. Ellis alisogeza kikombe chake cha chai ili kisije kikamwagika.

Akampigia simu Norman Gornall, mwenye duka la sarafu karibu na stendi ya mabasi, ambaye ndiye aliyemuuzia.

"Ameshuka," alisema.

"Nani, tembo? Basi una bahati, daktari. Wengine wanakaa nao miaka na miaka, hata mkia hawatikisi. Anaburuta miguu?"

"Hapana. Anainyanyua vizuri tu."

"Hapo sawa. Akiburuta ndio anakwaruza. Kuna bwana mmoja kule Preston, wake alikuwa anaburuta, kamharibia malkia shavu lote. Sasa sikiliza. Maji, marufuku."

"Norman, mimi nimeanza kukusanya sarafu wewe hujaota ndevu."

"Najua, mzee wangu. Nakukumbusha tu. Hawa wakishaanza kutembea, watu wanaingiwa na huruma."

Mkusanya sarafu husamehewa mengi. Husamehewa kumdanganya mkewe bei, na kukosa harusi ya mpwa wake kwa sababu siku hiyo kulikuwa na mnada. Hasamehewi kuosha sarafu. Dhahabu yenyewe haiogopi maji. Balaa liko kwenye kukausha. Maji yakikauka yenyewe yanaacha doa, na doa likifutwa, hata kwa pamba, inabaki mikwaruzo myembamba kama nywele ambayo haiondoki mpaka siku ya kiama. Mwaka uliotangulia mjane mmoja wa Morecambe alileta kwenye klabu ya wakusanyaji sarafu za marehemu mumewe. Alikuwa amezisugua zote kwa dawa ya kung'arishia shaba, zinameremeta kama vitasa vya mlango, naye anatabasamu, akidhani amefanya la maana. Wanaume wazima walivua kofia. Ellis ndiye aliyemwambia mama wa watu, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiwaambia wagonjwa kwamba jino halifai tena, kwamba hapakusalia kitu.

Siku chache zikapita na tembo akawa sehemu ya nyumba. Saa kumi alishuka, akazunguka droo, akasimama kidogo mbele ya kila malkia, na kulipokucha alikuwa amerudi mahali pake, ametazama upande ule ule. Kisha Jumatano moja Ellis akasikia sauti. Mwanzoni alidhani ni redio ya jirani. Alipoinama, akaona inatoka kwenye ngome.

Akaenda kutafuta lenzi alizokuwa akizivaa kazini, zile za kufunga kichwani, akazisafisha, akazivaa. Ngome ilikuwa na dirisha. Ndani yake palikuwa na watu wamesimama, kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya kukaa. Dirishani alikuwepo mwanamke aliyenyolewa nywele, ameshika ukingo kwa mikono miwili. Kwa mazoea ya miaka mingi, Ellis hakutazama macho kwanza. Alitazama kinywa.

Meno yalikuwa mazuri sana, hayana hata tobo moja. Lakini midomo ilikuwa imepasuka, ulimi umegandamana na kaakaa, na mwanamke alipofungua kinywa kusema, hapakuvutika hata uzi mmoja wa mate. Ellis alikuwa ameangalia vinywa maisha yake yote. Hakuna aliyehitaji kumweleza hicho kilikuwa kinywa cha namna gani.

Kinywa cha mwisho alichokiangalia kwa karibu hivyo kilikuwa cha Dilys. Kule wodini, mkewe aliposhindwa kumeza, wauguzi walimpa Ellis visifongo vidogo vya vijiti, akawa anachovya majini na kumlowesha midomo. Dilys alikuwa akikidaka kisifongo kwa midomo na kukataa kukiachia, kwa nguvu ambazo hazikuwepo mahali pengine popote mwilini mwake. Ellis alikaa pale mchana kutwa akichovya na kulowesha. Katika ndoa yao yote hakukumbuka kumfanyia jambo ambalo alilipenda kulifanya kuliko hilo, na aliona aibu kwamba lilimjia mwishoni hivyo.

Mwanamke wa dirishani alikuwa akisema neno moja, akinyamaza, akilirudia. Ellis hakuijua lugha yake. Neno lenyewe alilielewa.

Siku iliyofuata aliweka kisahani cha maji mezani, hatua kadhaa za tembo kutoka kwenye droo. Tembo akashuka, akavuka ukingo, akaenda moja kwa moja na kutumbukiza mkonga. Mle ndani ya ngome watu wote wakasukumana upande wa kisahani, mikono ikatoka dirishani, lakini ngome ilikuwa juu na maji yalikuwa chini. Tembo alikunywa akatosheka, akageuka, akarudi kwenye mahameli na ngome yake. Kulipokucha, kwenye ncha ya mkonga palikuwa na doa jekundu, dogo, linaloonekana kwa lenzi.

Gornall alipopita, aliliona hilo doa kwa lenzi yake kabla hata hajavua koti.

"Hii nini, daktari?"

"Alikuwa na kiu."

"Ebo! Na wewe ukampa?"

"Nilimwekea tu. Kanywa mwenyewe."

"Haya, la mkonga tutasema ni la kuzaliwa nalo. Ila hao wa juu, usithubutu. Tone moja likianguka kwenye ngome linateremka mpaka ubavuni, anarudi nalo hapo chini ya shingo, na hapo ndipo mtu anapoweka lenzi kwanza. Umemaliza kazi."

"Wanaomba, Norman."

"Wote wanaomba. Wamekaa na kiu miaka mia tatu. Miezi michache zaidi itawaua?"

Ellis alikiri moyoni kwamba kwa hesabu hiyo Gornall hakukosea. Akamkaribisha chai.

Bronwen alikuwa akija kila Jumapili kutoka Kendal, na pai ya nyama na viazi kwenye kiti cha nyuma, kuangalia kama baba yake anakula. Alifungua jokofu, akakunja uso, akalifunga. Halafu akasimama katikati ya chumba, amekaza shingo.

"Nani anaongea?"

"Wa kwenye ngome," alisema Ellis. "Vaa hizo lenzi, utawaona."

Bronwen akavaa, akainama juu ya droo. Alikaa hivyo kwa muda mrefu. Alipoinuka macho yake yalionekana makubwa mno nyuma ya vioo, na Ellis karibu acheke.

"Baba, huyu mama anaomba maji."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatano."

"Leo Jumapili, Baba."

Ellis akamweleza. Alimweleza habari za doa na za mikwaruzo, akamwonyesha ncha ya mkonga, akamkumbusha mjane wa Morecambe. Alimwambia kwamba mwezi wa Aprili klabu itafanya maonyesho, na kwamba droo yake itawekwa katikati ya ukumbi, imejaa, kila malkia na mwaka wake, kitu ambacho katika kaskazini yote hakuna mwingine aliyekifikisha. Alizungumza vizuri, kwa mpangilio. Bronwen alimsikiliza mpaka mwisho.

"Hao ni watu," alisema.

"Sijasema si watu."

"Sasa?"

"Sasa wako kwenye sarafu, mwanangu. Mimi sikuwaweka."

Bronwen alivua lenzi. Alikwenda jikoni, akarudi na bilauri ya maji na kijibomba cha kutonesha dawa ya masikio. Ellis akainuka haraka kuliko alivyowahi kuinuka mwaka huo, akamdaka kifundo cha mkono. Hakuwahi kumshika hivyo tangu alipokuwa mtoto, siku alipotaka kukimbilia barabarani.

"Niachie, Baba."

"Unatetemeka. Ukitetemeka utamwaga yote."

"Natetemeka kwa sababu umenishika! Hebu niachie."

"Nitawapa mimi. Nisikilize. Mikono yangu ndiyo kazi yake hii. Nitampa kidogo kidogo, pale pale mdomoni, bila kulowesha ukuta. Wewe huwezi."

"Utawapa kweli?"

"Nitawapa."

"Niahidi, maana nakujua. Ukianza mambo yako ya kesho, kesho."

"Nakuahidi, Bron. Jioni hii hii."

Bronwen akaweka bilauri chini. Alianza kulia, kwa hasira kwanza, kisha kwa lile jingine ambalo wote wawili walikuwa wakilikwepa tangu Machi.

"Mama ulimpa," alisema. "Nilikuwa nasimama mlangoni nakutazama. Nilikuwa najiambia, kumbe baba yangu yuko hivi."

Alimbusu kwenye paji la uso, akamwachia pai, akaondoka kabla barabara ya mlimani haijaingia ukungu.

Saa kumi tembo akashuka. Ellis alinawa mikono mpaka viwikoni. Kwenye kabati la chumbani vilikuwa vimebaki visifongo vya wodini, bado kwenye pakiti. Akachukua kimoja, kwa mkasi akakata kipande kidogo kama kichwa cha pini, akakibana kwa kibano na kukichovya. Akavaa lenzi. Tembo akasimama wima, kana kwamba anajua. Mwanamke alikiona kisifongo kinakuja, akanyamaza. Nyuma yake wote wakanyamaza. Halafu mikono ikatoka dirishani, mingi kuliko dirisha lilivyoweza kupitisha, na Ellis akaona kucha zao.

Mkono wake haukutetemeka. Katika hilo hakumdanganya binti yake. Kisifongo kilifika mahali ambapo kinywa kingeweza karibu kukigusa, na chini yake tone likaanza kujikusanya. Ellis akalitazama tone. Akaliona likianguka, likiteremka ukuta, likimfuata tembo nyumbani, likikauka chini ya shingo ya malkia. Akaona duara jekundu. Akamwona Gornall amevua kofia. Akaiona droo katikati ya ukumbi, na watu wakiinama, na mtu mmoja, haidhuru nani, akisema kwa upole, kama ilivyo desturi, pole sana daktari, imeoshwa. Katika maisha yake hakuwa amekamilisha kitu kingine chochote. Kitabu alichotaka kuandika hakukiandika, mtoto wa pili hakuzaliwa, safari ya Italia waliyokuwa wakiahidiana na Dilys iliahirishwa mpaka ikakosa abiria. Hii droo ilikuwa imekamilika.

Akarudisha mkono.

Mwanamke alibaki amefungua kinywa. Hakupiga kelele. Alimtazama Ellis machoni, na Ellis, ambaye siku zote alitazama kinywa kwanza, safari hii hakupata pengine pa kutazama.

Alikwenda jikoni akakikamua kisifongo kwenye sinki. Alipoketi tena mezani machozi yalimtoka, mengi, kuliko siku ya mazishi. Aligeuza uso pembeni haraka, yasije yakadondokea kwenye droo.

Wiki hiyo alilala na redio imewashwa. Jumapili akamzuia Bronwen kwa simu, akisingizia mafua, na Jumatatu iliyofuata akaenda dukani kwa Gornall, akasimama mbele ya meza ya kioo bila kuvua glavu.

"Siwezi kukaa nao," alisema. "Wanaongea mchana kutwa."

"Unataka kuiuza?"

"Hapana."

"Basi tuifungie. Siku hizi wenyewe wote wanafungia. Kuna kampuni ng'ambo, unawapelekea, wanaikagua, wanaitia kwenye kijisanduku cha plastiki na kukiziba kabisa. Hewa haiingii, vumbi haliingii, mkono wa mtu hauingii. Na bei inapanda. Tunawapelekea asubuhi, tembo akiwa ndani."

"Na sauti?"

Gornall akamwangalia, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakufanya mzaha.

"Haitoki, daktari. Plastiki nene ile."

Jumapili zote zilizofuata, hadi maonyesho, droo ilikuwa imefungiwa kabatini, na Bronwen hakuthubutu kuuliza. Sarafu ilirudi mwishoni mwa majira ya baridi. Kwenye kijisanduku palikuwa na lebo ndogo iliyotaja mwaka, malkia na daraja la ubora, na daraja lilikuwa juu kuliko Gornall alivyothubutu kutabiri. Chini yake waliandika: tembo hai, haijaoshwa. Ilibidi fundi seremala apanue kile kishimo kwenye droo kiwe cha mraba. Saa kumi jioni tembo alipiga masikio, akasukuma kwa paji la uso, mara mbili tatu, akaacha. Baada ya siku kadhaa hakusukuma tena.

Maonyesho yalifanyika Jumamosi, katika ukumbi wa juu wa baa ambamo klabu hukutania. Droo ya Ellis ilikuwa katikati, ndani ya sanduku la kioo, na taa mbili juu yake. Watu walikuja hata kutoka Carlisle. Waliinama mmoja mmoja, wakasoma lebo, wakamshika mkono. Mjane wa Morecambe naye alikuja. Akasimama mbali kidogo na kioo, mikono nyuma, kama mtoto aliyekatazwa. Gornall alitoa hotuba fupi, akasema wakusanyaji wengi huaga dunia na kishimo kitupu, na kwamba leo tunaye mmoja aliyekijaza. Wakampigia makofi.

Asubuhi, kabla ukumbi haujafunguliwa, Ellis alikuwa ameangalia kwa lenzi. Mwanamke alikuwa pale pale dirishani. Sasa, kwa kuwa sauti haikuwepo, aliweza kulisoma lile neno midomoni mwake, na alijua linapoanzia na linapoishia.

Bronwen alifika wakati vikombe vinakusanywa. Alikuwa amevaa koti la bluu la mama yake. Alizunguka sanduku la kioo polepole, akapata ile ya 1708, akainama. Kwa macho matupu alionekana tembo tu, mdogo kama dengu. Bronwen aliweka sikio kwenye kioo, akafumba macho, akakaa hivyo mpaka watu wawili wakampisha. Lenzi ilikuwa mfukoni mwa Ellis. Bronwen hakuiomba, naye hakuitoa.

"Wamenyamaza," alisema alipoinuka.

"Ndiyo."

"Kwa hiyo uliwapa."

"Niliwapa," alisema Ellis.

Bronwen akaachia pumzi aliyokuwa ameizuia tangu majira ya baridi, akamkumbatia baba yake pale katikati ya ukumbi, mbele ya watu.

"Kumbe ilikuwa kiu tu," alimwambia begani. "Siku zote hizo, kiu tu. Mama angefurahi, Baba."

Ellis alisema ndiyo, angefurahi. Gornall alikuwa ameshaanza kukunja viti, naye akaenda kumsaidia.